Uzee, Uchawi au Ugonjwa? Haki ya Mzee Atetemekaye

Huenda katika kijiji chako yuko mzee ambaye mkono wake hutetemeka unapotulia juu ya goti, kidole gumba kikisuguana na kidole cha shahada kama mtu anayesokota tumbaku. Akitaka kusimama huchelewa kuinuka. Akitembea hatua zake ni fupi, na mkono mmoja haupungi. Sauti yake imekuwa ndogo, na uso wake hauonyeshi tena furaha wala huzuni. Watu wa Nassa, mkoani Simiyu, wakulima wa pamba na wavuvi wa Ghuba ya Speke, huweza kukupa mojawapo ya majibu matatu juu ya hali hiyo, na majibu hayo hayo utayasikia Bariadi, Musoma na hata Dar es Salaam. Wa kwanza husema: Ni uzee tu. Wa pili husema: Amerogwa, au ameingiwa na jini. Wa tatu husema: Ni mapenzi ya Mungu, tumwache apumzike.

Majibu haya hayalingani kwa ubaya wake, lakini yote huzaa tunda moja, nalo ni kwamba mzee hapelekwi kwa tabibu. Kwa hiyo swali tunaloliuliza leo si la udaktari peke yake, bali ni la dini na maadili: Mzee huyu anatudai nini? Tukikataa kuuita ugonjwa wake kwa jina lake, je, tumekosea tu kama mtu akoseavyo hesabu, au tumemdhulumu mwenye haki?

Ugonjwa wenyewe

Kabla ya kuhukumu, yafaa tufahamu jambo tunalolihukumu. Mwaka 1817 tabibu mmoja wa London, James Parkinson, alichapisha kitabu kidogo juu ya ugonjwa wa kutetemeka, akieleza hali za watu sita, ambao baadhi yao alikuwa amewaona njiani tu. Baadaye tabibu Mfaransa, Jean-Martin Charcot, alipendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Parkinson. Lakini kutetemeka kwa viungo kulikuwa kumeshachunguzwa na matabibu wa Kiislamu karne nyingi kabla yao. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuweka katika mlango wa maradhi ya mishipa ya fahamu, wala hakukuweka katika mlango wa majini.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, ambayo chembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Kitu hiki ni kama mjumbe achukuaye amri. Mtu akikusudia kuinua kikombe au kupiga hatua, amri yake huhitaji mjumbe huyo ili itekelezwe sawasawa. Katika ugonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa kidogo kidogo, na mjumbe huwa haba. Akili ya mgonjwa inajua la kufanya, na nia ipo, lakini mwili huitikia kwa uzito na kwa kuchelewa. Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, ukalala naye chumba kimoja, usipate dhara lolote.

Katika mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba dopamini ina kazi yake maalumu katika ubongo, na kwa uchunguzi huo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960, mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake walipima bongo za watu waliokufa na ugonjwa huu, wakakuta dopamini imepungua mno. Dopamini yenyewe ikimezwa haiwezi kuingia ubongoni, lakini kipo kitu kiitwacho levodopa ambacho huingia, kisha hugeuka kuwa dopamini humo humo. Mwaka 1967 George Cotzias wa New York alithibitisha kwamba wagonjwa waliopewa dawa ya namna hiyo kwa kipimo kikubwa, kilichoongezwa polepole, waliweza kufanya mambo waliyokuwa wamekwisha kuyakatia tamaa. Baadaye levodopa ilichanganywa na karbidopa ili isiharibike njiani kabla ya kufika ubongoni, na ili ipunguze kichefuchefu. Mpaka leo mchanganyiko huo ndio dawa kuu ya ugonjwa huu, nao umo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa na tuyapime yale majibu matatu.

Jibu la kwanza: Ni uzee tu

Jibu hili lina heshima ya nje, na kwa hiyo ni rahisi kukubalika. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. aliwahimiza watu wajitibu, akafundisha kwamba Mungu hakuweka maradhi pasipo kuweka dawa yake, isipokuwa uzee. Mtu anaweza kudhani mafundisho haya yanamhukumu mzee wetu asiende hospitali. La hasha! Mafundisho haya yanatulazimisha kutofautisha. Ikiwa uzee hauna dawa na maradhi yana dawa, basi mwenye kuyaita maradhi kwa jina la uzee amemfungia mgonjwa mlango ambao Mungu ameuacha wazi.

Na ushahidi kwamba huu si uzee tu umepatikana hapa hapa Tanzania. Katika miaka ya 2005 na 2006 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa watu zaidi ya 160,000. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Katika watu zaidi ya 160,000 wazee wanahesabiwa kwa maelfu. Kama hali hii ingekuwa ni uzee wenyewe, maelfu hao wote wangetetemeka. Lakini waliopatikana na ugonjwa huu ni 33. Ni kweli kwamba huwapata zaidi wenye umri mkubwa, lakini wako pia wanaoupata kabla ya miaka 50. Uzee ni njia ambayo ugonjwa huu hupenda kupitia, lakini njia si msafiri.

La kuhuzunisha zaidi ni kwamba walio wengi katika wagonjwa hao wa Hai hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao mpaka watafiti walipobisha hodi. Dawa ilikuwa imejulikana ulimwenguni kwa karibu miaka 40, na wao walikuwa wakingali wanaishi na neno moja tu: uzee.

Jibu la pili: Amerogwa

Jibu hili ni la hatari kuliko yote, kwa sababu humtafuta mtu wa kulaumiwa. Katika nchi ya Usukuma wazee wengi, hasa akina mama, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu, yaliyotokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni, yalihesabiwa kuwa ushahidi wa kutosha. Ikiwa macho mekundu yaliweza kumwua mtu, je, itakuwaje kwa yule ambaye uso wake umekakamaa, hapepesi macho mara kwa mara, mate humtoka, na mkono wake husuguasugua vidole usiku na mchana? Dalili za ugonjwa wake zinaweza kumfanya ahesabiwe kuwa mrogwaji leo na mchawi kesho.

Jumuiya ya Ahmadiyya imefundisha daima kwamba hakuna majini wanaoingia miilini mwa watu na kuwatetemesha. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alitufundisha kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu haviwezi kupingana. Kurani Tukufu ni neno Lake, na viumbe pamoja na kanuni zake ni kazi Yake. Basi tuitazame kazi hiyo. Mgonjwa anapewa kidonge kwa kipimo, na baada ya muda mkono unatulia na hatua inarefuka. Nguvu ya kidonge ikiisha, mtetemeko hurudi. Akipewa tena, hutulia tena. Ni mchawi gani huyu ambaye hulala na kuamka kwa saa za kidonge? Jambo linaloitikia kipimo ni jambo la mwili, nalo limewekewa kanuni na Muumba wa mwili.

Kwa hiyo atamkaye neno uchawi mbele ya mzee atetemekaye asidhani ametoa maoni tu. Huenda ametia saini hati ya kifo cha jirani asiye na hatia. Kurani Tukufu inaihesabu damu ya mtu mmoja asiye na kosa kuwa jambo kubwa mno, na mahali palipo na tuhuma za namna hiyo kunyamaza kwetu si ubora.

Jibu la tatu: Ni mapenzi ya Mungu

Jibu hili hutoka katika vinywa vya wacha Mungu, na kwa sababu hiyo lataka kujibiwa kwa upole. Ni kweli kwamba hakuna jambo lipatalo kuwa nje ya ujuzi wa Mwenyezi Mungu. Lakini je, ugonjwa peke yake ndio uliotoka katika kadari Yake, na dawa ikatoka kwa mwingine?

Hadhrat Umar r.a. alipokuwa njiani kwenda Sham aliambiwa kwamba huko kuna tauni, akaazimu kurudi. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alijibu kwamba anaikimbia, lakini anaikimbilia kadari nyingine ya Mungu huyo huyo, akampa mfano wa mwenye ngamia ashukaye katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Mfugaji wa Usukuma hahitaji kufafanuliwa maneno haya. Hakuna aachaye ng'ombe wake wafe kwa njaa upande mkavu kisha akaita jambo hilo tawakali. Kutegemea kwa kweli ni kuishika sababu iliyowekwa na Mungu, kisha kumwachia Yeye matokeo.

Na tazama jinsi sababu hiyo ilivyowekwa karibu nasi. Kila mtoto wa Kiswahili anaujua upupu, mmea uwashao ambao watu huukwepa njiani. Tangu mwaka 1937 wataalamu wamejua kwamba ndani ya mbegu za upupu mna levodopa, yaani dawa ile ile. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa nchini Bolivia kwa wagonjwa 18, na unga wa mbegu hizo, uliotolewa mara moja kwa kipimo, ulifanya kazi sawa na kidonge. Kumbe mmea tunaoulaani kila tuupitiapo ulibeba rehema tusiyoijua!

Hata hivyo, ndugu msomaji, usikimbilie porini na kinu chako. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio marefu zaidi kwa wagonjwa 14, na nusu yao waliacha kabla ya muda, wengine kwa kuvurugika tumbo na wengine kwa kuzidiwa na ugonjwa. Kiasi cha dawa katika mbegu hakilingani, na kipimo kikizidi chaweza kumletea mzee kutapika au kuchanganyikiwa. Watafiti wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, wameuingiza upupu katika uchunguzi wao, nasi tungojee matokeo yao. Kila kitu Mungu amekiumba kwa kipimo, na kutafuta kipimo ni sehemu ya kuishukuru neema.

Swali la mkulima

Hapa mkulima wa Nassa aweza kutuuliza swali zito. Atasema: "Mnasema dawa ipo, lakini je, inaponya? Nikiuza pamba yangu nimnunulie baba vidonge mwaka huu, na mwaka ujao, na kila mwaka mpaka afe, je, ada ya shule ya mwanangu italipwa na nani?"

Haitupasi kumdanganya. Levodopa haiponyi ugonjwa huu wala haiuzuii usiendelee. Huondoa uzito na hupunguza mtetemeko, na baada ya miaka kadhaa nguvu yake hukatika mapema, na mara nyingine huleta kuchezacheza kwa viungo. Wapo waliotafuta njia nyingine. Tangu mwaka 1987 kundi la Alim-Louis Benabid, mjini Grenoble, Ufaransa, lilianza kutuliza mtetemeko kwa nyuzi za umeme zilizotiwa ndani ya ubongo. Mwaka 2025 yalichapishwa majaribio ya mwanzo, ya Japani na ya Amerika ya Kaskazini, ya kupandikiza chembe mpya za kutengeneza dopamini. Haya ni matumaini ya kweli, lakini bado yako mbali na shamba la Nassa.

Basi tumjibu nini mkulima? Kwanza, kufarijiwa nako ni sehemu ya kuponywa. Mzee anayeweza tena kujifunga nguo mwenyewe, kwenda msalani bila kushikwa na kula bila kumwaga, amerudishiwa heshima yake, na heshima ya mzazi si anasa. Kurani Tukufu inapoamuru wema kwa wazazi, inautaja hasa wakati wa uzee wao, yaani wakati ambapo hawana cha kutulipa.

Pili, Mwenyezi Mungu hamtwiki mtu zaidi ya uwezo wake. Aliyeshindwa kweli kununua dawa hana dhambi. Lakini deni halifutiki, bali huhamia kwa sisi wengine. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alisisitiza kwamba dini ina mafungu mawili, haki za Mungu na haki za waja Wake, na asiyejali la pili hawezi kujisifu kwa la kwanza. Mkulima asipochagua vizuri kati ya baba na mwana, lawama isimwangukie yeye tu, bali ituangukie na sisi tuliomwacha achague peke yake. Sadaka, zaka, msaada wa jirani na bima ya afya vimewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Tatu, mengi ya mzee huyu hayana bei kabisa, nayo ndiyo tunayomnyima kwanza.

Mambo ambayo hayauzwi

Ewe msomaji, ikiwa unaye mzee wa namna hii nyumbani au jirani, shika mambo haya.

Mosi, mpeleke katika zahanati au kituo cha afya, na ikibidi omba barua ya kwenda hospitali ya mkoa au Bugando, Mwanza. Si kila mtetemeko ni Parkinson. Iko mitetemeko ya namna nyingine, na baadhi ya dawa nazo huleta mtetemeko. Mwenye kupambanua ni tabibu.

Pili, usimhukumu kwa uso wake. Uso usiotabasamu hauna maana kwamba moyo haupendi. Misuli ya uso imekuwa mizito kama ya mguu. Wajukuu waambiwe jambo hili, wasije wakamkimbia babu yao wakidhani amekasirika.

Tatu, msikitini mpisheni. Dini yetu imemruhusu mgonjwa asali ameketi, na akishindwa, asali amelala kwa ubavu. Anayechelewa kuinuka katika sijida asitazamwe kwa jicho la uchovu. Katika Ramadhani, mgonjwa ambaye dawa yake ni ya saa kwa saa amepewa ruhusa na Mungu Mwenyewe, na kuikataa ruhusa ya Mungu si ucha Mungu. Atoe fidia kama aweza, na asikatize dawa ghafula, kwani kufanya hivyo kwaweza kumhatarisha.

Nne, vijana wa pamba wajihadhari. Uchunguzi umeonyesha uhusiano kati ya baadhi ya dawa za shambani, kama vile paraquat ya kuulia magugu, na ugonjwa huu. Umoja wa Ulaya umeikataza paraquat tangu mwaka 2007, na mwaka 2012 Ufaransa iliukubali ugonjwa wa Parkinson kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima waliotumia dawa hizo. Basi usibebe bomba la kunyunyizia dawa kifua wazi, usipulize kuelekea upepo, wala usitekee maji kwa kopo la dawa. Mwili ni amana.

Tano, tukubali kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu, lakini sehemu kubwa ya uchunguzi wake imefanywa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2023 watafiti, wakiwamo Wanaijeria, walitangaza kwamba wamekuta badiliko katika jeni ya GBA1 linalozidisha hatari ya ugonjwa huu, nalo hupatikana hasa kwa watu wa asili ya Kiafrika. Badiliko hilo lilikuwamo siku zote, ila wenyewe hawakuwa wameulizwa. Asiyehesabiwa hatengenezewi dawa.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kama kukosea jina la ugonjwa ni kosa la ujinga au ni dhuluma. Sasa jibu liko mbele yetu. Asiyejua ana udhuru mpaka atakapoambiwa. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa, udhuru wako umekwisha. Kuanzia leo, ukimwona mzee atetemekaye ukasema ni uzee tu, umeficha ushahidi ulio nao. Na ukisikia akiitwa mchawi ukanyamaza, umeshiriki.

Huyo mzee alilima, alivua, alitulisha na kutubeba mgongoni wakati mikono yetu sisi ndiyo iliyokuwa haiwezi kushika kikombe. Hakuna aliyetuita wachawi wakati ule, wala hakuna aliyesema tuachwe kwa sababu ndivyo Mungu alivyopenda.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, awape subira wanaowauguza, aibariki elimu ya wanaotafuta dawa, na atujalie sisi macho ya kutambua haki za waja Wake kabla hatujaulizwa juu yake. Amin.